Dozi imerudiwa, mkuu wa wodi anataka nisaini chati mpya. Nifanyeje?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wangu wa pili kazini, hospitali ya wilaya. Siku chache zilizopita tulikuwa wawili tu zamu ya usiku wodi ya wazazi. Kulikuwa na mama mwenye shinikizo kali la mimba, yuko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia alipewa saa 9 alasiri. Iliyofuata, ya gramu 5, dada wa zamu ya jioni alimchoma saa 1 usiku lakini hakuijaza kwenye chati. Aliiandika kwenye kipande cha boksi la glavu ili aihamishe baadaye, mara akaingia mama anayetoka damu, akasahau. Mwenzangu alipoona chati haijajazwa akajua dozi imerukwa, akamchoma nyingine saa 2 na nusu. Saa 4 nilipopita kumpima nikakuta anapumua mara 10 kwa dakika, anasinzia, na ukimgonga goti mguu hauruki. Daktari akaja, tukampa kalsiamu glukoneti, akarudi vizuri. Kile kipande cha boksi tulikiona alfajiri, daktari ameshaondoka. Mama alijifungua kesho yake, mtoto akawa mlegevu, akalazwa kwa watoto wachanga siku mbili. Sasa wote wako nyumbani. Mkuu wa wodi ameichana chati ya zamani na kuandika mpya yenye dozi moja tu, anataka nisaini kwa kuwa nilikuwa zamu. Anasema mama hakudhurika, kwa hiyo hakuna kosa, na nikikataa Baraza la Wauguzi litamfutia mwenzangu leseni. Mwenzangu ana mtoto mchanga, analia kila siku. Tumesikia pia habari za yule nesi wa Marekani aliyesema ukweli akaishia mahakamani. Nikisaini nimekosa? Nisiposaini nimemsaliti? Na mama je, ana haki ya kujua? Usingizi umenipotea."

Marahaba, mdogo wangu. Usisaini. Nakutangulizia hilo kwa sababu najua unasubiri, na kwa sababu linaweza kukukuta kesho asubuhi ukiingia kazini. Mengine yote hapa chini ni kwa nini, na ufanye nini baada ya kukataa, maana kukataa peke yake hakutoshi. Barua yako ilikuwa na mambo ambayo yangeweza kumtambulisha mama huyo, nimeyaondoa. Ukimwandikia mtu mwingine kuhusu jambo hili, yaache.

Kabla sijaendelea, kuna jambo umelipita haraka mno katika barua yako. Zamu ya watu wawili, wodi imejaa, na bado ulienda kuhesabu pumzi na kugonga goti. Mama yule yuko hai kwa sababu hiyo. Mkuu wako wa wodi anapozungumza kuhusu uaminifu kwa wenzako, kumbuka kwamba uaminifu wako wa kwanza usiku ule ulikuwa kwa mgonjwa, na uliutimiza.

Sasa tulitazame jambo lenyewe. Umeandika kama vile kuna kosa moja ambalo ama linafichwa ama linatajwa. Mimi naona mambo mawili yaliyotokea kwa nyakati tofauti. La kwanza ni dozi kurudiwa, usiku, watu wamechoka, hakuna aliyekusudia. La pili ni chati kuchanwa mchana kweupe, kwa uamuzi wa mtu aliyekaa akafikiri. La kwanza linasameheka na mara nyingi husamehewa. La pili ndilo linaloweza kumaliza kazi ya mtu, na ndilo wanalotaka uingizwe ndani yake.

Hoja ya "mama hakudhurika" inaonekana nzuri mpaka uikumbuke dawa yenyewe inavyofanya kazi. Neva hutumia kalsiamu kuuamuru msuli ujikaze. Magnesiamu ikizidi mwilini huizuia kalsiamu kwenye ncha ya neva, na misuli inaanza kuishiwa amri. Goti hutangulia kunyamaza, kisha pumzi hupungua, na kiwango kikizidi kupanda moyo husimama. Ndiyo maana kabla ya kila dozi ya kuendelezea tunatakiwa kuona vitu vitatu: pumzi zisizopungua 16 kwa dakika, mguu unaoruka ukigongwa goti, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Mkojo umo kwa sababu karibu magnesiamu yote hutoka kupitia figo, na ugonjwa huu wa mimba hupenda kuzidhoofisha figo hizo hizo. Mama wa kawaida hupata gramu 14 mwanzoni, yaani 4 kwenye mshipa na 10 kwenye misuli, kisha 5 kila baada ya saa 4. Mama yenu alipata 24 ndani ya saa 5 na nusu. Kalsiamu mliyompa haikuitoa magnesiamu mwilini. Ilishindana nayo tu, ikazipa figo muda wa kuisafisha. Kilichomwokoa ni wewe kufika saa 4 badala ya saa 6. Huko si kutodhurika. Ni kudhurika akawahiwa.

Sasa isome chati mpya kama ataisoma daktari ambaye hakuwepo. Gramu 14, kisha 5 kwa wakati sahihi, na saa 3 baadaye mama anakaribia kuacha kupumua. Daktari mwenye akili atahitimisha nini? Atasema figo zake ni mbovu, aanze kumtafutia ugonjwa wa figo ambao labda hana, kwa vipimo ambavyo familia itavilipia. Au atasema mama huyu mwili wake haustahimili magnesiamu, na neno hilo litaandikwa kwenye kadi yake. Aliyewahi kupata ugonjwa huu yuko katika hatari zaidi ya kuupata tena mimba inayofuata. Siku akirudi, pengine hospitali nyingine, anatetemeka midomo, mtu atasoma ile kadi na kumnyima dawa. Na dawa hii si ya kunyimwa hivi hivi. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Chati ya uongo inaweza kumwondolea kinga hiyo bila yeye kujua ilichukuliwa lini na nani.

Na mtoto pia. Magnesiamu hupita kwenye kondo. Mtoto anayezaliwa mama ana magnesiamu nyingi anaweza kutoka mlegevu, ananyonya kwa shida, anapumua kivivu, na hali hiyo hupungua kadiri figo zake zinavyoitoa. Siwezi kukuambia kwamba hiyo ndiyo sababu ya ulegevu wa mtoto huyu, inaweza kuwa jambo jingine. Lakini waliomhudumia siku mbili zile walikuwa wanatafuta sababu huku moja iko kwenye pipa la takataka la wodi yenu. Inawezekana jalada lake linasema alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, na mama yake atabeba wasiwasi huo kila mtoto akichelewa kukaa au kutambaa.

Chuoni tulikufundisheni kanuni nne: kumtendea mgonjwa mema, kutomdhuru, kuheshimu uamuzi wake, na kutenda haki. Watu huzikariri kwa ajili ya mtihani na kuziacha mlangoni. Hapa zote nne zimo ndani ya karatasi moja.

Twende kwa mwenzako, maana naona huyo ndiye anayekuuma zaidi. Kosa hili si lake peke yake, na anayetaka kulifanya liwe lake peke yake anamwonea. Hesabu vitu vilivyopaswa kulizuia: dozi iandikwe palepale ilipotolewa, wanaopokezana zamu wasimame pamoja kitandani wakiwa na chati mkononi, anayechoma apime vitu vitatu kwanza, na kama chati haijajazwa aulize kabla ya kudhani. Juu ya hayo, wauguzi wawili kwa wodi nzima ya wazazi usiku. Tundu lilikuwa kila mahali na bahati mbaya ikapita katikati. Wanaoshughulikia usalama wa wagonjwa hutofautisha aliyeteleza, aliyezoea njia ya mkato, na aliyejua hatari akaipuuza. Wa kwanza hufarijiwa, wa pili huelekezwa, wa tatu ndiye anayeadhibiwa. Dada wa jioni na kipande chake cha boksi ana mazoea ya njia ya mkato, ambayo nina hakika wodi nzima inayo. Mwenzako aliteleza, lakini sitakudanganya: kama hakupima goti na mkojo kabla ya kuchoma, sehemu hiyo ni yake na atapaswa kuijibu. Ajibu hiyo tu. Hana sababu ya kujibia ratiba ya zamu.

Kuhusu Baraza. Wakuu wa wodi hulitaja kama watu wanavyotaja polisi kwa mtoto anayelia. Baraza la Wauguzi na Wakunga Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, lina mamlaka ya kuchunguza malalamiko na kuchukua hatua za nidhamu, na ndiyo, hatua ya mwisho ni kumwondoa mtu kwenye rejista. Lakini haliamki asubuhi likafuta leseni kwa sababu dozi imerudiwa. Huwa kuna malalamiko, uchunguzi, na mhusika kupewa nafasi ya kujieleza. Katika maelezo hayo, swali zito kuliko yote ni ulifanya nini baada ya kugundua. Aliyeita daktari, akatoa taarifa na kuandika ukweli anasimama mahali tofauti kabisa na yule ambaye chati yake imebadilishwa. Isitoshe, kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kudanganya ndiyo tafsiri ya kughushi katika Kanuni ya Adhabu, na huko si Baraza tena. "Niliagizwa na mkuu wangu" haitakulinda. Leseni yako ina jina lako.

Umemtaja nesi wa Marekani. Anaitwa RaDonda Vaught. Desemba 2017, mjini Nashville, jimbo la Tennessee, alimchoma mgonjwa vecuronium, dawa inayolegeza misuli yote pamoja na ya kupumua, badala ya Versed ya kutuliza. Mgonjwa alifariki. Vaught alikiri mara moja kwa wakubwa zake. Mwaka 2021 alifutiwa leseni, na Machi 2022 baraza la wazee wa mahakama likamkuta na hatia. Mwezi Mei akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Wauguzi duniani waliumia, nami niliumia, kwa sababu hukumu ile iliwafundisha wengi kunyamaza. Siwezi kukuahidi kwamba ukweli hauna gharama. Lakini iangalie kesi hiyo yote. Mashtaka yalijengwa juu ya maonyo aliyoyapita alipokuwa akiitoa dawa kabatini na jina la dawa ambalo hakulisoma. Hakushtakiwa kwa kukiri. Na habari haikubaki ndani hata kidogo: mwaka uliofuata mtu asiyejitaja aliwaarifu wakaguzi wa serikali. Kwenu, wanaojua tayari ni wewe, mwenzako, dada wa jioni na mkuu wa wodi, na sidhani kama chati ilichanwa bila mhudumu yeyote kuona. Siri ya watu wanne wodini huwa haimalizi mwaka.

Basi ufanyeje? Njia ya kunyamaza bila kusaini naielewa, watu wengi huichagua. Inakulinda wewe kidogo na haimsaidii mama hata kidogo, kwa hiyo siipendekezi. Njia ya kukimbilia Baraza au mitandao kesho asubuhi nayo siyo. Inawapita watu ambao bado wanaweza kulirekebisha, na ukiweka habari za mgonjwa mtandaoni umefungua kosa jingine la kwako mwenyewe.

Anza na mwenzako. Mtafute nje ya kazi, mkae chini. Mwambie hutasaini, na mwambie sababu: chati ile inamweka yeye pabaya kuliko ilivyokuwa usiku ule. Mwombe aandike maelezo yake mwenyewe, nawe uandike yako, muyapeleke pamoja. Akitangulia kusema, yeye ndiye aliyetoa taarifa. Mpe siku moja, mbili, si wiki. Akikataa, nenda peke yako na umjulishe kwamba unaenda. Hapo ndipo jibu la swali lako la usaliti lilipo. Msaliti hupitia nyuma, wewe umepitia mbele yake. Maadili ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi, yaliyopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kuhuishwa mwaka 2021, yanamtaka muuguzi amlinde mgonjwa pale mwenzake anapohatarisha afya yake. Yanamtaka pia amuunge mkono mwenzake anayesimamia maadili. Yote mawili unaweza kuyafanya wiki hii.

Maelezo yako yawe mafupi na makavu. Tarehe ya leo na saa unayoandika, maana huandiki kana kwamba ni usiku ule. Kisha: "Saa 4:00 usiku nilimpima mama kitanda namba fulani. Pumzi 10 kwa dakika. Mguu haukuruka nilipogonga goti. Nilimwita daktari wa zamu saa 4:05." Endelea hivyo mpaka kile kipande cha boksi: mlikiona saa ngapi, kimeandikwa nini, kiko wapi. Kama bado kipo, kitunze, usiandike kitu juu yake. Andika kwamba chati ya awali uliiona, na kwamba iliyopo sasa si ile. Usiandike "kwa uzembe", usiandike "alisahau kwa sababu ya uchovu". Ulichoona, ulichosikia, ulichofanya, basi. Saini, weka nakala isiyo na jina la mgonjwa mahali salama, na ya asili mkabidhi Muuguzi Mkuu wa hospitali mkono kwa mkono, akusainie kwamba amepokea. Mkuu wa wodi amejiingiza mwenyewe ndani ya jambo hili, kwa hiyo kumpita si utovu wa heshima. Bado mwambie kwa adabu: "Samahani dada, sitaweza kusaini kwa kuwa sivyo ilivyokuwa, na nimeandika maelezo kwa Muuguzi Mkuu." Sentensi hiyo moja inatosha, usibishane. Muuguzi Mkuu akikalia jambo, hatua inayofuata ni Mganga Mfawidhi, na baada ya hapo ndipo Baraza.

Daktari aliyekuja usiku ule aambiwe haraka, hata kabla ya vikao. Yeye ndiye anayeweza kurekebisha kilichoandikwa kwenye jalada la mama na la mtoto.

Na mama, ndiyo, ana haki ya kujua. Mwili uliokaribia kuacha kupumua ni wake. Ila si wewe wa kumpigia simu jioni peke yako. Hilo ni jukumu la hospitali: daktari aliyemhudumia pamoja na kiongozi wa wauguzi, faraghani, akitaka na mtu wake wa karibu awepo. Hudhurio la siku ya 28 baada ya kujifungua ni nafasi nzuri kama jambo halijakamilika mapema, na mtoto atachunguzwa hapo hapo. Aambiwe kwa maneno ya kawaida kwamba dawa ilirudiwa kimakosa, ndiyo iliyomfanya asinzie vile, tuliona tukamtibu, tunaomba radhi, na akipata mimba tena dawa hii bado inamfaa. Hilo la mwisho lisisahaulike, na liandikwe kwenye kadi yake. Wengi wanaogopa kwamba mgonjwa akiambiwa atashtaki. Wengine hushtaki. Wengi zaidi, kwa jinsi nilivyoona katika miaka yangu ya kufundisha na kufanya kazi wodini, hukasirika, hulia, huuliza maswali, kisha hutaka kujua mmefanya nini ili isimpate mwingine. Hapo hospitali iwe na jibu. Timu ya kuboresha huduma inaweza kuanza na jambo dogo kama kutundika chati ya magnesiamu kitandani pamoja na kalamu, na kukataza vipande vya boksi.

Kuna mambo mawili ambayo mimi kwa mbali siwezi kukusaidia. Ukiitwa kwenye kikao chochote cha nidhamu, usiende peke yako. Kama ni mwanachama wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, mwone mwakilishi wenu wa tawi kabla ya kikao, na Chama cha Wauguzi Tanzania kinaweza kukushauri pia. Kama neno "polisi" limetajwa, mtafute wakili kabla ya kuandika maelezo mengine yoyote.

La pili ni wewe na mwenzako. Kukosa usingizi, kuona tukio likijirudia, kuogopa kushika bomba la sindano, haya huwapata wauguzi baada ya tukio kama hili na si udhaifu. Yakipita wiki mbili, au yakianza kukufanya ukwepe zamu, nenda kaonane na mtaalamu wa afya ya akili, na ukiona haya kufanya hivyo hospitalini kwenu nenda ya jirani. Mwenzako ninamhofia zaidi yako. Analia kila siku, ana mtoto mchanga, na amebebeshwa siri. Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, au akikwepa kujibu, usimwache peke yake, mpeleke akaonwe siku hiyo hiyo, na maelezo ya chati yasubiri kesho.